Umegeuka kushoto nimeshaanza kukimbia, halafu unaniuliza namrushia nani?

Wadau, nimetoka kwenye mechi ya kriketi, nimeingia nyumbani sasa hivi, hata viatu sijavua. Jina sitaji. Mnamjua wenyewe, yule wa glavu za njano, anayepiga goti kugusa pichi, ule ukanda wa katikati ya uwanja, utadhani anaingia Lord's ya London.

Ova ya 14, yaani zamu ya mipira sita. Narusha legi spini, mpira wa kuzungusha unaodunda ukakata kutoka legi kwenda ofu. Nimepanga watu sita upande wa legi (nyuma ya mgongo wa mpigaji) na watatu ofu (mbele ya kifua chake), kwa sababu mpigaji ni wa mkono wa kulia. Wa kulia! Anakula kwa kulia, anasalimia kwa kulia, mama yake mzazi anajua ni wa kulia. Naanza hatua zangu nne. Hatua ya tatu namwona karuka, miguu imegeuka, mikono imebadilishana kwenye bati, mbele yangu amesimama mtu mwingine kabisa. Mpira ukanitoka. Ukapaa ofu, ambako kijana mmoja analinda eneo la ukubwa wa Kariakoo, ukavuka ukuta, ukaenda kupindua karai la mama wa mihogo. Mikimbio sita.

Sita ningeimeza. Ila jamaa akanifuata katikati ya pichi, akavua helmeti, akasema mbele ya wanangu wawili: "Mzee, ulikuwa unamrushia nani?"

Unamrushia nani!

Mpira uliofuata akageuka tena, akakosa. Ukadundia nje ya legi, ukakata ndani, ukamgonga pedi ya mguu mbele ya stampu ya kati, ule mti wa katikati wa wiketi. Nikalia LBW, yaani mguu umezuia mpira uliokuwa unaenda kwenye wiketi, atoke, mpaka kunguru wakaruka. Ampaya anatikisa kichwa: umedundia nje ya legi, si auti. Legi ya nani? Wakati huo mtu ni wa kushoto, pale kwake ni ofu! Eti sheria inaangalia alivyosimama nilipoanza kukimbia. Yaani akitaka sita ni wa kushoto, akitaka kuponea LBW ni wa kulia.

Mimi nikitaka kuhamia upande wa pili wa wiketi tu, au kubadili mkono, lazima nimwambie ampaya, naye amwambie mpigaji. Nikinyamaza, nobolu, mpira haramu. Mpigaji hamwambii mtu. Kevin Pietersen wa Uingereza alipompiga Scott Styris wa New Zealand sita mbili za hivi kule Chester-le-Street, Uingereza, Juni 2008, siku mbili tu MCC, wale watunga sheria za kriketi, wakasema ruksa, eti mpigaji naye anajiweka hatarini. Hatarini alikuwa mama wa mihogo!

Unamrushia nani. Mbele ya wanangu.

YorkaYaMwisho: Pole mkuu. Ila umeshaona anageuka, mpira wa pili ukaurudisha pale pale kwa nini?

BintiWaUpanga: Kaka nilikuwepo. Ilikuwa ova ya 12, na alikupiga sita mbili.

Mleta uzi: Ya pili ilikuwa nne, iligusa chini kabla ya kamba. Na haihusiani na mada.

TepuBolu: Tulia. Fainali ya Kombe la Dunia 1987 pale Eden Gardens, India, Mike Gatting wa Uingereza alijaribu rivasi swipu (shoti ya kufagia kinyume) kwa Allan Border wa Australia, mpira ukapaa akadakwa na kipa, Uingereza wakalala kwa mikimbio 7. Hizi shoti zina bei yake. Collins Obuya wa Kenya alirusha legi spini hiyo hiyo Nairobi 2003, Sri Lanka wakampa wiketi 5, yaani akatoa wapigaji watano, kwa mikimbio 24. Rusha vizuri.

Mleta uzi: Obuya kuna aliyemuuliza anamrushia nani? Nijibu hilo.

BintiWaUpanga: Lakini kaka, ulikuwa unamrushia nani kweli? 😂😂😂

MweziMwekundu: Nyie wa spini mnadeka. Sisi wa mwendo kasi tunapigwa skupu juu ya kichwa cha kipa, na nyuma ya mpigaji upande wa legi sheria inaniruhusu watu wawili tu. Nimlalamikie nani?

YorkaYaMwisho: Afadhali nyie. Mimi ni hawa wapigaji wa pili wanaosimama upande wa mrushaji. Sijaachia mpira, mtu yuko nusu ya pichi. Msimu uliopita nikang'oa beili, vijiti vya juu ya stampu, nikamtoa mmoja aliyetoka mapema, uwanja mzima ukaniita mchawi. MCC wenyewe 2022 wameitoa kwenye sheria ya mchezo usio wa haki, wakaiweka kwenye ran-auti ya kawaida, ya kutolewa ukiwa nje ya mstari!

TepuBolu: Hata mimi nilikuita mchawi. Ulimtoa shemeji yangu, alikuwa amebakiza mkimbio mmoja afike hamsini.

YorkaYaMwisho: Shemeji yako angebaki kwenye mstari angefika.

Mleta uzi: Tusitoke nje ya mada. Mbele ya WATOTO wangu.

MamaSkoa: Wakati mnabishana, naomba kujua nani alimaliza nyama ya biriani kabla timu ya fildi haijatoka. Nimekuta wali na kiazi kimoja.

MweziMwekundu: Wa glavu za njano.

BintiWaUpanga: Msimsingizie. Yeye alitoka nje kumlipa yule mama karai lake.

Mleta uzi: Alimlipa?

BintiWaUpanga: Elfu kumi. Tena akaomba radhi.

TepuBolu: Biriani waulizeni mapokezi, sahani saba zilipita mlango wa nyuma nikiona kwa macho yangu.

MamaSkoa: Saba?! Naandika mikimbio tangu saa tatu asubuhi juani, na kiazi chenyewe kilikuwa kibichi.