Nas, Biggie au Jay-Z: nina hela ya santuri moja tu, nichukue ipi?

Kijukuu
Wakuu habari zenu. Nataka kuagiza santuri kabla ya Ijumaa na hela niliyonayo ni ya moja tu. Nimebaki na tatu, zote albamu za rapu, za kwanza za wenyewe: Illmatic ya Nas (1994), Ready to Die ya Biggie (1994), Reasonable Doubt ya Jay-Z (1996). Ipi nikichukua sitajuta?

SindanoKali
Mkuu umeuliza nusu. Mpya au mtumba? Ya kwako au ya kumpa mtu? Pleya ipo? Bila hayo tutakudanganya tu.

Mama Vina
Mi sihitaji kujua hayo, chukua Nas. Jamaa alikuwa na miaka 20, ngoma kumi ukihesabu na utangulizi, dakika kama 40 basi, hamna sehemu utanyanyua sindano uruke. Jarida la rapu la The Source wakampa maiki tano zote, alama zao za juu kabisa, na enzi zile kupata tano ilikuwa shughuli pevu. Halafu sikiliza ngoma ya tatu mwishoni, Nas na rapa mgeni AZ wameshamaliza mistari yao, inaingia tarumbeta taratibu, anayepuliza ni Olu Dara, baba mzazi wa Nas. Pale huwa naacha chochote ninachofanya.

Bwana Besi
Dada maiki tano sawa, ila sokoni ilitambaa, platinamu, ile tuzo ya mauzo ya nakala milioni, imekuja kuipata 2001. Biggie alipewa nne na nusu na watu wakanunua tangu mwanzo. Illmatic ni ya wanaofuatilia mistari, Ready to Die hata asiyejua rapu atatikisa kichwa.

SindanoKali
Biggie sawa ila muwe macho. 2006 kulikuwa na kesi Marekani kuhusu sampo (kipande kilichochukuliwa kwenye wimbo wa zamani) ya bendi ya Ohio Players kwenye ile ngoma iliyobeba jina la albamu, mahakama ikasimamisha mauzo, matoleo ya baadaye sampo ikatolewa. Sasa mimi nilinunua mtumba kwa muuzaji mmoja mtandaoni, kaniapia kabisa ni toleo la 1994, picha safi, kava halina hata mkunjo. Nimesubiri wiki tatu. Kufungua, santuri imepinda, sindano inapanda inashuka kama mashua kwenye mawimbi, nikasema poa nitavumilia, nikaweka sarafu juu ya mkono wa sindano itulie (msifanye hivyo, inakula mifereji). Nafika kwenye ile ngoma nasubiri yale matarumbeta ya hiyo sampo niliyoyazoea kwenye kaseti tangu niko mdogo, hayapo. Nikarudisha sindano mara mbili nikidhani nimepitiwa. Hayapo. Nikamwandikia yule muuzaji, kasoma, hajajibu mpaka leo. Bado inaniuma.

Hesabu za Mtaa
Poleni, ila mbona Jay-Z mnamruka? The Source walimpa maiki nne, kwenye chati ya mauzo ya Billboard ikaishia namba 23, na leo kila mhakiki anaitaja kwenye albamu bora za rapu. Lebo hazikumtaka, akaanzisha Roc-A-Fella na Dame Dash na Kareem Burke. Kwa hiyo msiongozwe na uhakiki wa wiki ya kwanza. Na Biggie mwenyewe yumo humo ndani anachana.

Dogo Kapela
Good kid, m.A.A.d city ya Kendrick je? 2012, ndio albamu yake ya kwanza.

Mama Vina
Dogo hapana, Section.80 ilitoka 2011 na watu waliinunua.

Dogo Kapela
Ya kwanza chini ya lebo kubwa dada, hiyo ndiyo iliyopimwa na kila mtu. Akatajwa Grammy mara saba 2014 akatoka mikono mitupu.

Bwana Besi
Ile Grammy mpaka leo siielewi. Macklemore kabeba albamu bora ya rapu, hata yeye alijua ilistahili kwenda kwa Kendrick.

Kijukuu
Samahanini nilipitiwa. Ni ya mdogo wangu, anatimiza miaka 18, ameanza kuandika mistari, madaftari yamejaa. Pleya anayo, zile zinazofungwa kama begi.

SindanoKali
Za begi! Nyingi mkono wake mzito na haurekebishiki, zitachuna santuri yoyote utakayompa. Chukua toleo jipya, achana na mtumba wa bei mbaya.

Mama Vina
Anaandika mistari halafu bado mnabishana? Nas.

Hesabu za Mtaa
Anayeandika ndiye anamhitaji Jay, ajue kusimulia bila kupaza sauti.

Kijukuu
Sasa mmenichanganya zaidi. Nimeona Biggie moja wameandika toleo la mwanzo, kuna namba zimechongwa pembeni ya karatasi ya katikati. SindanoKali nikikutumia picha utazitambua?