Mtoto alikunywa maji ya kostiki, sasa chakula hakipiti

Bint Langoni: Asalaam aleikum. Nipo Lamu. Mama mkwe hupika sabuni ya mafuta ya nazi, na maji ya kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, huyatia kwenye chupa ya soda ya kunywa. Mwezi uliopita mwanangu wa miaka mitatu alikunywa funda moja. Alitokwa na udenda, akalia sana. Kule tulikompeleka walimtazama kinywa, hakikuwa na vidonda, tukarudi naye. Alipona, akala. Wiki hii wali unarudi, hata mkate uliolowekwa chai. Unapita uji mwepesi tu. Wifi anasema anadeka, na tena anasema msichana wa kazi alimnywesha makusudi, ataka kwenda polisi. Nifanyeje?

Tabibu wa Malindi: Waaleikum salaam, dada. Mtoto hadeki. Kinywa kisafi hakituambii umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ukoje: maji yale hupita mdomoni mbio, yakaunguza chini. Asidi ya betri aghalabu huunguza juu ikafanya gamba. Kostiki huyeyusha nyama na kuendelea kuzama. Kisha kidonda hupona kwa kovu, na kovu huvuta. Ndiyo maana njia huziba wiki kadhaa baadaye, wakati nyumba imeshasahau.

Nenda leo hospitali ya King Fahd, sema neno "kostiki" mlangoni, uombe barua ya rufaa. Anahitaji kumezeshwa dawa nyeupe apigwe eksirei ya koo, au kamera ya umio. Kovu hutanuliwa kidogo kidogo, mara nyingi kwa awamu. Msimsukumizie tonge wala ndizi. Akishindwa kumeza mate au pumzi ikikoroma, msingoje kuche.

Mwana wa Shela: Kwetu wazee husema ndimu hukata makali ya kostiki.

Tabibu wa Malindi: La, ndugu yangu. Vikikutana hutoa joto, pakaungua zaidi. Na kumtapisha ni kumuunguza umio mara ya pili. Suuza kinywa, vua nguo zilizolowa, mwagia ngozi maji mengi, kimbia hospitali na chupa yenyewe.

Dada, kuhusu yule msichana: naomba msimhukumu barazani. Mtoto aliyelazimishwa huweza kuwa na michubuko ndani ya midomo, au kile kinyama kinachoshika mdomo wa juu na ufizi kikachanika. Aliyejimiminia mara nyingine huungua viganja, na mchirizi ukashuka kidevuni hadi kifuani. Lakini hakuna alama moja inayotosha peke yake. Karatasi ya siku ile ya kwanza iliandika nini? Nguo mmezifua? Mkienda polisi mtapewa fomu ya P3, ile ya kuandikia majeraha, na daktari ataijaza kwa alichokiona, si kwa alichosikia.

Bint Langoni: Karatasi ninayo, imeandikwa viganja vyote viwili vilikuwa vyekundu. Sikuwa nimeisoma. Barua ya rufaa tumepata, twavuka Mokowe, bara, asubuhi.

Tabibu wa Malindi: Msomee wifi maneno hayo leo, msichana akiwepo. Njiani mpe uji kwa kijiko, akiwa ameketi wima. Na karatasi ile ipigeni picha kabla ya kupanda boti.