Maji yakija usiku, mbwa na paka mnawatoaje? Wana Mwanza tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Vuli inakaribia, na sisi wa bondeni mwa Mto Mirongo tunajua mto ule ukijaa hauna adabu. Ziwa nalo mwaka 2020 lilipanda hadi kuvunja rekodi ya 1964, na 2024 likapanda zaidi. Kuokoa watu na magodoro tunazungumza kila mwaka. Leo nataka habari za wanyama wa nyumbani: nani aliwatoa, kwa njia gani, na walilala wapi? Zile za "mnyama atajiokoa mwenyewe" tuziache. Mbwa aliyefungwa mnyororo hajiokoi.

Mama Kija, Mabatini:
Paka ndiye mtihani. Mbwa ukimwita anakuja, ila paka akisikia vurugu anaingia uvunguni, ukimvuta anakuchana. Mimi natumia tenga la kuku. Linakaa sebuleni mwaka mzima, mlango wazi, na dagaa wake namwekea humo humo. Siku hizi analala humo kwa hiari yake. Maji yalipofika kizingitini nilifunga mlango tu, nikalifunika tenga kwa kitenge, mwanangu akajitwisha. Jirani mmoja akauliza ni kuku gani huyo anayelia nyau.

Fundi Masanja, Igogo:
Kwetu kumtoa mbwa kulikuwa rahisi, shida ikawa pa kumpeleka. Tulipelekwa kulala madarasani, mle kuna watoto wachanga, na kuna watu ambao mate ya mbwa kwao ni najisi. Wana haki yao. Tangu hapo nimepatana na shemeji yangu anayekaa juu miambani: mvua ikichachamaa, Simba anakwenda kwake na chakula chake. Sharti la shemeji lilikuwa aone kwanza kadi ya chanjo ya kichaa, na chanjo irudiwe kila mwaka. Kadi naiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya watoto. Picha ya mbwa iko kwenye simu, akipotea nisianze kumwelezea kwa mikono.

Mtu wa Mifugo:
Masanja umesema vema. Niongeze: maji ya mafuriko hubeba mkojo wa panya, na humo ndimo hutoka homa ya mgunda, ile iliyosumbua Lindi mwaka 2022. Mbwa huipata, na wewe unaipata kwake. Aliyeogelea humo mwogeshe kwa maji safi na sabuni, mikono yako ukiivalia glavu au hata mifuko. Tena wakati huo mbwa wa mitaa mbalimbali huchanganyika na kung'atana. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Mkerewe Halisi:
Huku visiwani mbwa anapanda mtumbwi. Kamba yake ishikwe mkononi, isifungwe kwenye mtumbwi, maana ukipinduka anazama nao. Na mkalishe katikati. Mamba wa huku hawana utani.

Fundi Masanja, Igogo:
Mama Kija shikamoo, sasa kama tenga kalichukua paka, kuku unawabebea nini?

Mama Kija, Mabatini:
Marahaba mwanangu. Kuku nawauza mawingu yakianza kujikusanya, kabla wenzangu hawajashtuka na bei kushuka. Nambakisha jogoo tu, na yeye anabebwa kwapani.