Mafundi bomba wa Mtwara, presha ikiwa ndogo dawa yenu ni pampu tu?

Wakuu, nina hasira na leo nazimwaga hapa. Kama wewe ni fundi bomba hapa Mtwara mjini na kazi yako unaifanya kwa haki, soma upite, hazikuhusu. Nasema na wale wa bora liende.

Nakaa Chuno. Tangu tuhamie, bomba la jikoni linachuruzika tu. Bafuni ndiyo usiseme, hita haiwaki kabisa kwa sababu maji yanayopita hayafiki kiasi cha kuishtua. Nikampigia fundi yuleyule aliyetandaza mabomba ya nyumba nzima. Akaja, akakaa kibarazani, akanywa chai, akasema, "Bosi, presha ya mtaa ndogo, hapa funga pampu." Hakushika spana. Hakufungua hata koki moja. Akaandika karatasi: pampu, koki, unioni, waya, swichi na hela ya ufundi, kisha akanielekeza duka la mtu wake. Cha juu kinapatikana wapi sote tunajua.

Laki mbili na ushee zikaenda. Pampu ikafungwa, jikoni yakaongezeka kidogo, mabomba yakaanza kutetema ukutani, na jioni jirani akagonga geti kuuliza mbona kwake maji yamekata ghafla. Yule bwana alikuwa ameiunga moja kwa moja kwenye laini ya mtaa! Jamani, pampu ya hivyo inanyonya bomba la watu wote, na likiwa na ufa mahali linapopita karibu na mtaro, inanyonya na uchafu. Inatakiwa ivute kutoka kwenye tenki lako mwenyewe. Mtu anajiita fundi na hilo halijui? Au analijua na hajali? Sijui lipi baya zaidi.

Nikaizima. Nikachukua ndoo ya lita 20 na simu ya kuhesabia muda, kipimo ambacho hata mtoto wa darasa la nne anakiweza. Bomba la uani, la kwanza ukitoka kwenye mita, likajaza ndoo kwa dakika moja na sekunde chache. La jikoni, saa ileile, dakika tano kasoro. Sasa presha ndogo ya mtaa iko wapi hapo? Mtaa ni huo, mita ni hiyo. Ingekuwa shida ya mtaa, na la uani lingesuasua, na majirani wangelia pamoja nami. Sikatai, kuna saa mtaa wenyewe unazidiwa, asubuhi na magharibi kila mtu anapochota, na siku za mgao ndiyo kabisa. Ndiyo maana unapima saa tofauti na unauliza jirani. Kwangu saa zote jibu lilikuwa moja: maji yanafika getini vizuri, yanapotelea ndani ya nyumba.

Nikaita kijana mwingine, wa Mikindani. Wa kwanza huyo kuinama. Kwanza alifunga mabomba yote akatazama mita: imetulia, kwa hiyo hakuna linalovuja ukutani. Akafungua kile kichujio mdomoni mwa bomba la jikoni, akakigonga kiganjani: mchanga, vipande vya tepu nyeupe na chenga za plastiki. Hizo chenga ni za fundi wangu, alikata mabomba akaunga bila kusafisha, na kazi ilipoisha hakuacha hata maji yapite kuosha njia. Tukafuata koki ya geti inayoingiza maji ndani. Mpini unazunguka vizuri tu, ila kigeti chenyewe, kile kibao cha ndani kinachofunga na kufungua maji, kimekatika na kimening'inia katikati ya njia. Koki ya bei ya chini kuliko zote dukani, wakati kwenye hesabu yake niliandikiwa ile nzito ya shaba.

Halafu akakata elbo, yaani kiungo cha kona, ya kwanza baada ya hapo. Hapo ndipo nilipokaa chini. Kwa ndani plastiki imeyeyuka ikajikunja, ikafanya pete nene yenye uvimbe, na tundu lililobaki lingepitisha mrija wa soda, basi. Wanaojua PPR, haya mabomba ya plastiki yanayoungwa kwa joto, wanajua: bomba la milimita 20 linakaa kwenye mashine sekunde 5, joto nyuzi 260, unaliingiza mpaka alama, unalituliza. Huyu wangu alikuwa analiacha kwenye mashine huku anaongea na simu, kisha analisukuma kwa nguvu zote kama anafukuzwa. Nilimwona kwa macho yangu, nikajua ndivyo wanavyofanya.

Na bado! Kutoka mita hadi jikoni ametandaza hiyo hiyo ya 20 mwanzo mwisho. Hiyo 20 ni kipimo cha nje. Ile yenye ukuta mnene, ndani inabaki 13 na kidogo. Ndiyo igawie jiko, bafu, choo na sinki la kufulia kwa pamoja? Laini kuu ilitakiwa 25 au hata 32, hizo 20 ziwe za matawi.

Kuna jirani yangu mwingine, yeye anatumia tenki. Huyo aliambiwa anunue la lita 2000 badala ya 1000 "ili uzito usukume". Akanunua! Tenki likawekwa kwenye kichanja kilekile, maji yakatoka vilevile. Kinachosukuma ni kimo. Mita 10 za kwenda juu ndiyo unapata presha ya baa 1, kwa hiyo kichanja cha mita 3 kinakupa kama 0.3, uwe na lita 500 au 5000. Kiinue, au fupisha njia na upanue bomba. Hela ya tenki lile ingetosha bomba nene na ikabaki ya mboga.

Wewe fundi, najua unapita humu. Simu hupokei, basi soma hapa: nataka hela ya ufundi wa pampu na tofauti ya bei ya ile koki. Elbo nimezitunza kwenye mfuko, zimekatwa katikati. Ukikataa tukutane kwa mtendaji wa kata, nitazimwaga mezani.

Wengine naombeni msaada. Jikoni pamerekebishwa, ila bafuni zimebaki elbo zake ndani ya ukuta, chini ya vigae. Kuna mtu amewahi kupitisha laini mpya juu ya ukuta akaachana na ya zamani? Inakaaje? Na mwenye fundi wa uhakika Chuno, Ligula au Shangani aweke bei yake hapahapa, wazi, siyo PM.