Naomba ushauri: slaida iendeshe kisanduku, kisanduku kisiendeshe slaida

Habari za jioni wakuu. Niko Kigoma, namtengenezea mama mdogo programu ya kompyuta ya kuuzia dagaa pale mwalo wa Kibirizi. Natumia C# (lugha ya programu) na WPF (zana za Microsoft za kutengeneza madirisha ya programu). Bado najifunza, mnivumilie.

Kwenye dirisha kuna slaida (kitelezi cha kuburuta) ya kilo, 0 hadi 50, na kisanduku cha maandishi nilichokiunganisha nayo kwa ElementName, yaani kwa kutaja jina la slaida. Nikisogeza slaida, namba inabadilika vizuri. Shida ni upande wa pili: karani akiandika 20 ili amkadirie mteja bei tu, akibonyeza Tab slaida nayo inaruka hadi 20, na uzito uliokwisha pimwa unapotea. Kukifunga kisanduku kisiandikwe kabisa hataki, na mama mdogo yuko upande wake.

Nikaweka Mode=OneWay, yaani namba itoke kwenye slaida kwenda kwenye kisanduku tu. Slaida ikatulia, nikadhani nimemaliza. Kumbe kuna kitufe cha Futa, ambacho kwenye kodi kinaweka Text = "". Nikikibonyeza mara moja tu, kisanduku hakiisikii tena slaida mpaka nifunge programu na kuifungua upya. Nikirudisha TwoWay (pande zote mbili, kama mwanzo) mawasiliano hayakatiki, ila karani anarudi kuvuruga uzito.

Je, kuweka Text moja kwa moja kwenye kodi ndiko kunakokata bindingi (muunganisho) ya OneWay, na nikitumia SetCurrentValue (njia nyingine ya kuweka thamani kwenye kodi) itabaki? Au kitufe kirudishe slaida kwenye 0 tu, kisanduku kifuate chenyewe? Hapo nahofia: kama slaida tayari iko 0, si namba ya karani itabaki palepale?