CHUMVI?! Jamaa kaniuliza CHUMVI! (Uyole, usiku huu huu)

Mwenye Lumbesa (saa 8:14 usiku)

Wakuu, sijalala na silali. Nanuka moshi kuliko samaki wa Kyela. Dole gumba limebabuka, kwa hiyo mkiona herufi zinapishana vumilieni.

Nawaongelea wale. Mnawajua. Wenye gari jekundu na king'ora, wenye namba ya tarakimu tatu, wale ambao siku ya sherehe wanapita wanarusha maji juu na watoto wanapiga makofi. Hao hao.

Banda langu la viazi limeungua. Gunia 38, zote lumbesa, zile za kujazwa mpaka kichwani, zimeshuka juzi kutoka Isyonje, hela ya kikundi. Moto siuongelei. Moto ni moto, ukija umekuja. Mimi nataka kuongelea chumvi.

Jamaa kaniuliza chumvi.

Ngoja nirudi mwanzo, naona nakimbilia. Saa 3 na nusu usiku naona mwanga ndani ya banda. Nikapiga ile namba. Akapokea dada mwenye sauti nyororo ya kusoma matangazo ya vifo: "Alama kubwa iliyo karibu na hapo ni ipi?" Nikamwambia dada, alama kubwa iliyo karibu ni moto. Akaniambia nisilete utani. "Moto mkubwa au mdogo?" Nikamwambia ulikuwa mdogo wakati simu inaita.

Tukasubiri. Tulivyosubiri! Mtoto angezaliwa, akaota meno, akapata kipaimara, wao bado wanatafuta ufunguo. Kina mama wakapanga mstari toka kwenye mfereji mpaka bandani, ndoo kwa ndoo, beseni kwa beseni. Vijana wa boda wakabeba mchanga kwa kofia za pikipiki. Bibi wa jirani kamwaga pipa zima la kimpumu, pombe yetu ya kienyeji, alichokuwa amekiandaa kwa ajili ya msiba wa kesho. Saa 5 kasoro moto ukakata pumzi. Tumekaa chini tunakohoa, ndipo unasikia wiiiu wiiiu kutoka upande wa mjini, taa zinazunguka kama disko la Krismasi.

Akashuka kijana. Buti linang'aa mpaka ningeweza kunyolea ndevu mbele yake. Pole hakusema. Akamulika tochi kushoto, akamulika kulia, akachokoa majivu kwa ncha ya buti. Kiazi kikabingirika. Akakiokota. Akakirusha mkono huu, mkono ule, maana kilikuwa cha moto, akakipuliza, akakimenya kwa dole gumba taratibu kama mtu yuko jikoni kwa shangazi yake. Mvuke ukapanda. Aking'ata anafumba macho. Halafu akanigeukia mimi, mwenye gunia 38, masizi mpaka kwenye kope:

"Kaka, chumvi hamna?"

CHUMVI.

Kuchelewa nimesamehe. Maji walikuja nayo, nasema kweli, wakayamwagia majivu nikabaki na uji mweusi mpaka barabarani. Nimesamehe. Kuulizwa cheti cha ukaguzi nikiwa nimesimama juu ya majivu ya hicho cheti, nimesamehe. Lakini mtu anakuta mali yangu imeiva, halafu ananidai kiungo!

Baada ya hapo ndipo akauliza mtungi wa kuzimia moto uko wapi. Nikamwonyesha. Ule pale. Ulikuwa mwekundu.

Sina hoja. Hoja yangu ni chumvi.

---

Kijana wa Kabwe
Nimewahi siti ya mbele. Pole sana mkuu. Swali moja tu, chumvi alipata?

Mwenye Lumbesa
Wewe una akili timamu kweli?

Mwenye Lumbesa
Alipata. Kuna mama alifungua pindo la kanga akampa. Ndiyo maana silali.

Fundi Manyanga
Hebu turudi nyuma kidogo. Mtungi wa kuzimia moto UMEUNGUA?

Mwenye Lumbesa
Niliutundika ukuta wa nyuma. Gunia zikaja zikapangwa mbele yake. Hayo ni mambo ya kawaida ya stoo.

Fundi Manyanga
Yaani umeajiri mlinzi ukamfungia ndani na kumlundikia gunia 38. Na kesi unampelekea mla kiazi.

Kijana wa Kabwe
😂😂😂 Mlinzi kafa kazini.

Dada Mwanjelwa
Mimi nilikuwepo walipokuja sokoni kutufundisha. Walisema moto unataka vitu vitatu, joto, hewa na kitu cha kuunguza, ukiondoa kimoja tu umekufa. Wakawasha mtungi wa gesi, wakatuonyesha kuufunika kwa blanketi lililoloweshwa maji, unalishika kwa juu ili likukinge mikono, unasogea nalo taratibu. Mkuu, wewe siku hiyo ulikuwa umesimama nyuma unachagua mitumba. Nilikuona.

Mwenye Lumbesa
Blanketi gani la kufunika gunia 38? Na hilo somo la chumvi lilikuwa ukurasa wa ngapi?

Mnyalu Halisi
Kamwene wakuu. Nyie Mbeya mnajua kulia. Huku Mufindi ekari zangu mbili za misonobari ziliwaka mwezi wa kumi, upepo ule wa kiangazi mnaujua. Gari likaja, likafika mwisho wa lami, likasimama. Wakasema haliingii porini. Wakatuazima koleo MOJA. Tukapiga moto kwa matawi mabichi kijiji kizima, wengine wakafyeka njia mbele yake ili ukifika ukute hamna cha kula, mpaka alfajiri. Miti ya miaka tisa! Kiazi unapanda tena, miezi mitatu minne unakula.

Mwenye Lumbesa
Lakini hakuna aliyekuja kutafuna misonobari yako ukiwa umesimama pale.

Mnyalu Halisi
Sasa mbao ataila nani?

Mwenye Lumbesa
Basi hatufanani.

Mzee wa Bomba
Nimeifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu, niseme kidogo. Gari la maji si ziwa. Ukifungua bomba lote, tangi linakauka ndani ya dakika chache, mnaanza kutafuta pa kujaza. Mabomba ya kuzimia moto yaliyowekwa barabarani, mmejengea fremu za vocha juu yake. Mnabananisha mabanda ya mabanzi mpaka toroli linapita ubavu, halafu mnataka gari zito lipae kama mwewe. Mwanjelwa soko liliungua 2006. Soko la SIDO likaungua 2017. Kesho yake watu walewale wakachomeka mabanzi yaleyale, bega kwa bega. Na nusu ya simu za usiku ni watoto wanaimba.

Dada Mwanjelwa
Shikamoo mzee. Hapo kwenye mabanzi umesema kweli.

Kijana wa Kabwe
Shikamoo mzee. Na chumvi je?

Mzee wa Bomba
Marahaba wanangu. La chumvi ni utovu wa nidhamu, silitetei. Enzi zetu mkuu wa zamu angemkimbiza kijana huyo mpaka Mlima Nyoka na buti zake mkononi. Ila pia zamu ya usiku, baridi hii ya mwezi wa sita, hujala tangu mchana, halafu harufu ya kiazi cha majivu ikupige puani...

Mwenye Lumbesa
MZEE!

Mzee wa Bomba
Nasema tu.

Itezi Juu
Mimi sitawasema vibaya. Aprili 2024 mlima Kawetere ulipomeguka, tope lilifunika nyumba zaidi ya 20 na shule, saa za alfajiri. Sisi tumesimama na mablanketi tunaangalia paa la jirani limechungulia kwenye udongo, hatujui tuanze wapi. Mdogo wangu aliwaona vijana hao hao tope limewafika kiunoni. Hakuna aliyeomba chumvi siku hiyo.

Fundi Manyanga
Sawa, na Bukoba 2022 ndege ilipoingia ziwani, aliyefika kwanza ni nani? Mvuvi na kasia lake.

Itezi Juu
Na akapewa kazi kwa hao hao wa gari jekundu.

Kijana wa Kabwe
Enheee! Kwa hiyo Mwenye Lumbesa subiri barua ya ajira. Ndoo si unayo?

Mwenye Lumbesa
Ndoo ni ya bibi. Mimi nina hasira tu.

Mtoto wa Ulanzi
Samahanini kwa kuingilia. Hicho kimpumu kilikuwa lita ngapi?

Mwenye Lumbesa
Pipa zima.

Mtoto wa Ulanzi
La bati au la plastiki?

Mwenye Lumbesa
Plastiki, lile la bluu.

Mtoto wa Ulanzi
Yesu na Maria. Na msiba ni kesho.

Dada Mwanjelwa
Hiyo kesho ni leo tayari. Waombolezaji watakunywa nini?

Mtoto wa Ulanzi
Haya sasa ndiyo maafa. Viazi nyie pitisheni mchango baadaye. Bibi alipwe kwanza.

Mwenye Lumbesa
Jamani uzi ni wa CHUMVI. Nimeandika kwa herufi kubwa.

Mama Pacha Ilomba
Afadhali wewe wamekuja. Mimi wale wa nguzo walikata umeme saa 1 jioni mboga iko jikoni, nikapiga simu nikaambiwa "tatizo linashughulikiwa mama". Wiki nzima linashughulikiwa. Juzi umerudi kwa nguvu, ukaondoka na friji na redio. Wamekuja na ngazi, wakaangalia juu, wakanywa chai kwa jirani, wakaondoka na ngazi.

Fundi Manyanga
Na wale wa maji? Bomba langu linakohoa tangu Pasaka. Likitoa tone mnaitana familia nzima kuja kuangalia. Ila bili inatoka bomba kweli kweli.

Mama Pacha Ilomba
Kumbe na kwako? Mimi mwezi uliopita nimelipia upepo.

Mwenye Lumbesa
Fungueni uzi wenu.

Njombe Mjini
Nimechelewa kidogo, nimesoma kichwa tu. Kwanza kabisa, viazi vya Isyonje havina ladha. Huyo kijana aliomba chumvi kwa sababu ni viazi vya Isyonje. Angekula cha Njombe asingeomba kitu.

Kijana wa Kabwe
Ameanza huyu.

Njombe Mjini
Nasema kweli. Cha kwetu ukikifukia kwenye majivu kinapasuka chenyewe, unga mtupu, kinajilainisha mdomoni.

Mwenye Lumbesa
Nani kakwambia vya Isyonje havina ladha? Mtu alikula kwenye magofu ya banda langu akafumba macho! Ulishawahi kuona mtu anafumba macho kwa kiazi cha Njombe?

Kijana wa Kabwe
Sasa unamtumia kama shahidi 😂

Mwenye Lumbesa
Nasema ukweli ulivyo. Kiazi kilikuwa kizuri. Tabia ndiyo mbaya.

Dada Mwanjelwa
Ilikuwa aina gani mkuu? Kikondo?

Mwenye Lumbesa
Nyingi Sagita, kama gunia kumi tu Kikondo.

Dada Mwanjelwa
Kikondo cha majivu, ukipata na pilipili kichaa na kachumbari ya kabichi... acha tu.

Mnyalu Halisi
Kwetu tunakula na maziwa mgando.

Njombe Mjini
Na baridi ya kwetu, siyo hiyo yenu ya kuvaa sweta moja.

Mzee wa Bomba
Hapo kwenye baridi nawaomba sana, jiko la mkaa msilale nalo ndani mlango ukiwa umefungwa. Halitoi moshi mnaona liko salama, na asubuhi tunakuja kuwabeba. Hilo si la utani.

Njombe Mjini
Tumekusikia mzee.

Fundi Manyanga
Mkuu kwani moto ulianzia wapi? Hujasema mpaka sasa.

Mwenye Lumbesa
Haujulikani.

Fundi Manyanga
Mlinzi alikuwepo?

Mwenye Lumbesa
Alikuwepo.

Fundi Manyanga
Na jiko?

Mwenye Lumbesa
Jamani ni baridi. Binadamu ni binadamu.

Kijana wa Kabwe
Mzee wa Bomba njoo huku haraka.

Mwenye Lumbesa
Siyo mada! Mada ni kwamba mtu mwenye sare na buti linalong'aa...

Kitimoto Iwambi
Mkuu habari za usiku. Vile vilivyoungua nusu unauzaje? Nina nguruwe 11 huku na pumba imepanda.

Mwenye Lumbesa
Debe elfu 3.

Kitimoto Iwambi
Na hayo masizi? Elfu 2.

Mwenye Lumbesa
Masizi ni juu juu, ndani viko safi, vimeiva vizuri kabisa. Hata kuvichemsha hauna haja, unaokoa na kuni. Elfu 2 na mia 5.

Kitimoto Iwambi
Vimelowa?

Mwenye Lumbesa
Vya juu vimelowa, walimwaga maji. Vya chini vikavu. Nakupimia vya chini.

Mtoto wa Ulanzi
Nguruwe hao ukichinja utangaze mkuu.

Kitimoto Iwambi
Mmoja Jumamosi. Haya Mwenye Lumbesa, mia 5 nimekubali, naanza na madebe 10. Nafikaje?

Mwenye Lumbesa
Njoo na viroba vyako, na uwahi kabla jua halijawa kali, vitachacha. Ukifika stendi usiulize banda lililoungua, watakupeleka kwa mwingine. Uliza kwa bibi wa kimpumu.