Tupeane uzoefu: utafiti wa utamaduni ulioufanya ukiwa chuo ulikupeleka wapi?

Binti Chumbageni
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za saa hizi. Niko mwaka wa tatu, nimerudi nyumbani Tanga kwa ajili ya utafiti na mada imeshanigomea mara mbili. Ya kwanza niliiandika "Mchango wa utamaduni wa Waswahili katika maendeleo ya jamii ya Tanga". Msimamizi wangu akaisoma mbele yangu, akavua miwani, akaniuliza, "Hii utaimaliza wewe au wajukuu zako?" Ya pili nimeipunguza: barabara za namba pale Ngamiani, na majina mengine ambayo wenyeji wanayatumia wao kwa wao. Hiyo kaikubali nusu, anasema haina swali. Nina wiki 6. Mliopita njia hii simulieni. Nadharia ninazo tele, nataka yaliyowakuta.

Fundi Jahazi
Marahaba binti. Mimi nilitaka kuandika juu ya manamba, wale waliokuja kukata mkonge. Kwenye makaratasi nilikuwa nimeiva: Richard Hindorf kauleta mkonge mwaka 1893, miche 62 tu ndiyo iliyosalimika, baadaye mashamba yakawa yanavuta watu kutoka kusini, Kigoma, hadi Burundi. Nikaenda kambi moja njia ya Muheza. Mzee wa kwanza, hata mkeka haujapata joto, nikamuuliza, "Babu, na wewe ulikuja kama manamba?" Akanyamaza. Akaagiza maji, akanywa, akasema anakwenda kuswali. Adhana ilikuwa bado kabisa.

Jioni mjukuu wake akanifuata njiani: "Kaka, neno lile usimwambie tena." Nilijua kwamba waliitwa hivyo kwa ile namba waliyoandikiwa kazini. Nililijua kama neno la kitabuni. Sikufikiri kuna mtu ambaye bado linamchoma.

Nikampigia msimamizi, nikidhani ataniambia nihamie kijiji kingine. Akasema rudi, ukae, kalamu iache ulikolala. Siku mbili tuliongea mvua na bei ya mahindi. Siku ya tatu mzee akanifundisha kufunga fungu la mkonge, majani 30, na jinsi nyapara alivyoweza kulikataa fungu zima kwa majani mawili mafupi, na jinsi wao walivyojua kuyaficha hayo mafupi katikati. Alicheka mpaka akakohoa. Basi utafiti wangu ukawa huo: kazi ilihesabiwaje, na nani alimzidi nani ujanja kwenye hesabu. Yule mzee alikuwa na jina la kambini ambalo hata mkewe hakulijua. Sikuliandika, aliniomba.

Dagaa Mchele
Mimi niseme la karatasi maana wengi hulisahau. Barua ya chuo haikufikishi kwa bibi yeyote. Inakwenda mkoani, mkoa unaandika wilayani, kutoka huko unashuka kwa mtendaji wa kata, naye anakupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Ofisi moja ilinikalisha benchi siku nne, mwenye muhuri yuko msibani. Toa kopi nyingi. Na huyo mwenyekiti wa mtaa, aliye chini kuliko wote, ndiye wa kumpigia magoti: anajua nani anaumwa, nani kagombana na nani, na nyumba gani usiende saa za chakula.

Mkwaju
Nyie mna wasimamizi wanaopokea simu? Wangu alinijibu mara moja tu, neno moja: "Endelea." Nikaendelea.

Somo wa Dunda
Mkwaju umenichekesha. Mimi Bagamoyo, mada yangu nyimbo za unyago kwa Wazaramo na Wakwere. Nilijiona nina bahati kwa sababu shangazi yangu ni kungwi. Nikaenda na kinasa sauti na fomu za ridhaa nimezipiga chapa vizuri. Shangazi akaziangalia, akauliza, "Nikitia saini hapa, wimbo unakuwa wa nani?" Sikuwa na jibu. Fomu inasema jina lake halitatajwa, haisemi wimbo ni wa nani.

Akaniruhusu kuingia, kinasa sauti kikabaki kwenye mkoba wa mjomba. Nikakaa na wari, nikaimba, nikapigwa kofi la mgongo kwa kucheza vibaya (kalio langu halikusomea chuo kikuu). Usiku nikirudi chumbani najaribu kukumbuka maneno nayaandika. Nikajaza daftari. Nikampelekea msimamizi nikijua nimepata dhahabu. Yeye akauliza kitu kimoja: "Wamekubali uyaandike, au wamekubali uyasikie?"

Nililia, sisemi uongo. Sura ya nne nzima ikaondoka. Nikaandika upya juu ya yale ambayo shangazi na wenzake walikuwa radhi yasomwe: nani anastahili kuwa somo, yaani kungwi, anajifunza kwa nani, ujira wake nini, na siku hizi wazazi wa mjini wanapotaka mwari afundwe mwisho wa wiki moja tu, makungwi wanakata nini na wanabakiza nini. Daftari nilimrudishia shangazi. Kalifungia kanga kalitia sandukuni.

Msomi wa Jioni
Nami nilikuwa upande wa pili. Wanafunzi wa kutoka Marekani walikuwa wakija muhula, na mwishoni kila mmoja anapewa takriban mwezi wa kufanya utafiti wake peke yake, na msimamizi wa hapa hapa. Wao kibali ni cha COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia, siyo mtendaji pekee. Mimi nilikuwa mkalimani wa mmoja aliyetaka kujua jina Bagamoyo limetoka wapi. Mzee wa kwanza: mtumwa anabwaga moyo, ndiyo basi tena, haoni kwao. Wa pili: mpagazi katoka Unyamwezi na pembe ya ndovu begani, kaona bahari, anatua mzigo, moyo unatulia. Wa tatu akasema wote wawili waongo, kisha akasimulia ya kwake ndefu, ndani yake mna jini.

Kijana akachanganyikiwa, wiki imebaki moja na "jawabu" hana. Msimamizi akamwambia aache kutafuta aliyesema kweli, aangalie kila mzee anakaa wapi na ukoo wake ulikuwa ukifanya kazi gani misafara ilipokuwa ikifika. Tukarudi kuuliza hayo. Mzee wa wapagazi, babu yake alikuwa mpagazi. Wa jini alikuwa mganga. Tulicheka njia nzima hadi Kaole.

Dagaa Mchele
Nimesahau: kunukuu saa moja ya sauti kwenye karatasi ni kazi ya saa tano au sita, na bibi akichanganya Kidigo ongeza. Usirekodi kila kitu.

Binti Chumbageni
Asanteni sana, dada Somo nimekusoma mara mbili. Leo baada ya alasiri nilipita Ngamiani kwa mzee mmoja, muuza kahawa. Nikamuuliza anakaa barabara ya ngapi. Akaniambia, "Mgeni anaijua namba, mwanangu. Wewe ni mgeni?" Nikamwambia mimi wa Chumbageni. Akasema, "Basi mgeni," akanimiminia kikombe. Nimeliandika hilo na kumtumia msimamizi. Bado hajajibu, ila nimeona ameshalisoma.